Walinilisha Kwanza

Mama yangu alifariki alfajiri ya Jumamosi, na ilipofika saa nne asubuhi kila Mkenya niliyemfahamu hapa Stockholm alikuwa na habari, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa jikoni kazini, mtaa wa Hornstull, nakata sukuma wiki. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka na watu wanaonisimulia mambo polepole kana kwamba nina presha. Mama alikuwa amekufa, mimi nilikuwa nakata sukuma huku nikiimba, na tiketi yangu ya kwenda kumwona ilikuwa ya kesho yake.

Tiketi hiyo awali ilikuwa ya Jumanne. Niliisogeza mwenyewe.

Mkahawa ninaofanyia kazi ni wa mzee mmoja Mreno aliyekuja huku kijana, akaoa, akafiwa na mke, akabaki na tanuri lake. Mimi nilikuja Sweden kama mke wa mwanafunzi. Masomo yakaisha, ndoa nayo ikaisha, nikabaki na nyumba ya kupanga Norsborg, mwisho wa reli. Nimesafisha ofisi, nimepanga mashuka ya hoteli, kisha nikapata kazi ya kuosha masufuria kwa huyu mzee. Miezi minne ya kwanza hatukuongea zaidi ya habari za asubuhi, yeye na Kiswidi chake cha kuvunjikavunjika na mimi na changu.

Kilichonitoa kwenye sinki ni sukuma. Wareno wana supu yao ya kijani: viazi na vitunguu vinachemshwa vikapondwa, linamiminwa tone la mafuta ya zeituni, kinawekwa kipande cha soseji, halafu mwishoni majani yaliyokatwa membamba sana yanatupwa ndani dakika chache tu. Mzee alikuwa na kimashine cha kukatia hayo majani, na siku hiyo kiligoma. Akawa anahangaika na kisu kwenye ubao, majani yanatoka mapana kama ya kulisha sungura. Nikamtazama nikashindwa kuvumilia. Yale majani yalikuwa sukuma wiki, hata mtoto wa kwetu Kitale angekuambia. Nikanawa mikono, nikayakunja pamoja, nikayashika kwenye ngumi ya kushoto, nikaanza kukata hewani bila ubao kama Mama alivyonifunza, kisu kikija kuelekea kidole gumba na kusimama palepale kwenye ngozi. Mzee akaacha kazi. Aliniangalia mpaka fungu likaisha, akasema hajaona mtu akikata hivyo tangu mama yake mzazi. Wiki hiyo hiyo akaajiri mtu mwingine wa sinki.

Nilipompigia Mama kumweleza, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo nilikusomesha miaka yote hiyo ukaenda Ulaya kukata sukuma?" Lakini mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye pale nyumbani, aliniambia baadaye kwamba Mama alitangaza kanisani kwamba binti yake ni mpishi wa Wareno.

Basi miaka tisa nimepika pale. Najua kuloweka samaki wao mkavu wa chumvi siku mbili, maji yakibadilishwa mara tano, ukizembea mara moja tu wageni watakunywa bomba zima. Najua kufinyanga kababu za huyo samaki na viazi kwa vijiko viwili, ukihamisha donge huku na huku mpaka upate pembe tatu. Najua vitobosha vyao, vikombe vidogo vya unga vilivyojazwa maziwa na mayai, wanavyovipenda wageni, jinsi unga unavyokunjwa na siagi na kukunjwa tena, jinsi tanuri linavyotakiwa kuwa kali mpaka uso wa kila kimoja uungue madoadoa meusi. Mswidi mgeni akiona yale madoa anafikiri umemuunguzia. Lazima umwambie kwamba hapo ndipo penye utamu.

Na kumwambia ndiyo ilikuwa kazi ya mzee. Kila Jumamosi ya miezi ya baridi huwa tuna meza ya wageni, watu kumi na wawili: watalii, Waswidi wanaopanga kwenda Lisbon sikukuu za Pasaka, wazee wanaotafuta pa kwenda giza linapoingia saa tisa mchana. Vyakula vinaletwa kimoja kimoja, na mtu anasimama mbele anaeleza hiki ni nini, kinaliwaje, kwao kinaliwa siku gani. Miaka yote tisa mimi nimekuwa nyuma ya dirisha dogo la jikoni nikipitisha sahani na kusikiliza. Nilijua kila neno, hata mahali mzee anapotulia ili wacheke.

Mwaka huu pumzi za mzee zilianza kumwishia. Akisimama nusu saa anashika meza. Siku moja akaniambia, bila hata kuniangalia, "Jumamosi ya pili ya Novemba, simama wewe. Mimi nitakaa jikoni." Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisimame mbele ya watu niwaeleze kitu. Nilienda chooni nikalia. Halafu nikanunua blauzi.

Sasa, Mama alikuwa amelazwa. Figo. Wiki mbili alikuwa hospitalini, na mimi nilikuwa nimeshaomba ruhusa na kukata tiketi ya Jumanne, siku nne kabla ya hiyo meza. Nilikuwa nimeshamwambia mzee aisimamie mwenyewe au aiahirishe. Jumapili mdogo wangu akanitumia ujumbe: Mama amepata nafuu, daktari amefurahi, usikimbie, maliza mambo yako ndipo uje. Nikausoma mara nyingi. Kisha nikaisogeza tiketi mpaka Jumapili iliyofuata. Siku tano tu, nilijiambia. Siku tano ni nini?

Jumamosi nilifika Hornstull mapema. Simu yangu ilikuwa kimya asubuhi nzima, na hapo ndipo ningeshtuka kama akili yangu ingekuwa nyumbani. Sisi wanawake wa Afrika Mashariki tuna kundi letu kwenye simu, na hilo kundi halinyamazi. Kuna maombi ya saa kumi na moja, kuna picha za maua za kukutakia siku njema, kuna anayeuza mafuta ya alizeti, kuna anayegombana na serikali ya Kenya. Asubuhi ile hakuna hata ua. Nikafikiri, leo Mungu amenionea huruma nifanye kazi kwa amani. Kumbe walikuwa wameunda kundi lingine alfajiri hiyo hiyo, wote kasoro mimi, na huko ndiko walikuwa wakipanga nani atanunua maziwa, nani ana viti, nani ana ufunguo wa nyumba yangu.

Kwa asiyejua, nieleze. Sisi mtu hapigiwi simu kuambiwa amefiwa na mzazi. Haiwezekani. Mtu aliye ugenini, peke yake, kazini, pengine yuko kwenye ngazi za treni, umwambie mama yako hayupo? Akianguka je? Kwa hiyo walio nyumbani hawamwambii, wanampigia mtu wa karibu naye huku. Huyo anawakusanya wengine. Wanamfuata mhusika, hawamwachi peke yake, wanahakikisha ameshiba, wanamfikisha kwake akae chini, ndipo anayeheshimika zaidi anafungua mdomo. Ndivyo tunavyopendana huku. Na msidhani mimi sikuwemo. Mwaka juzi nilikaa Jordbro nyumbani kwa dada mmoja kutoka Kongo saa tatu nzima nikila samaki wake na kusifia mapazia, nikijua baba yake amekufa. Mimi ndiye niliyesisitiza kwamba asiambiwe akiwa na njaa.

Saa saba mchana meza ilikuwa tayari. Nikachungulia dirishani nikaona wanawake wanne wanaingia wakikung'uta theluji kwenye viatu, na wa mbele alikuwa rafiki yangu wa Hässelby, muuguzi, mwenyekiti wetu, mtu ambaye nikimficha jambo ananitazama tu nalisema. Nyuma yake huyo dada wa Jordbro. Na wengine wawili wa kanisani.

Ala! Miaka tisa nimewaalika hawa watu! Miaka tisa wananiambia ooh, mbali, ooh, sisi hatuli samaki aliyekufa zamani hivyo, ooh, wewe tupikie ugali tutakuja. Nikatoka jikoni na aproni yangu mikono kiunoni. "Leo mmepotea njia?"

"Tumekuja kukuona umesimama," rafiki yangu akasema. Akanikumbatia. Alinikumbatia muda mrefu, na hakuwa amepaka rangi ya midomo, yeye ambaye hupaka hata akienda kutupa taka. Nililiona hilo. Nikafikiri amechelewa kuamka.

"Hamna nafasi," nikasema. "Kumi na wawili wamejaa."

Mzee akasema kutoka nyuma, haraka mno, kwamba wageni wanne wameahirisha. Baadaye nilijua aliwapigia yeye mwenyewe asubuhi akawaomba waje wiki nyingine, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amempigia yeye. Hata mzee alijua. Hata Mreno wa watu alijua.

Nikasimama. Nilianza na kababu za samaki. Nikawaeleza kwamba huyu samaki hatoki Ureno kabisa, anatoka baharini huku huku kaskazini, anatiwa chumvi, anasafiri kwenda kwa watu wa jua, wao wanampenda kuliko sisi tunaoishi naye, halafu anarudi Hornstull akiwa na bei. Waswidi wakacheka mahali palepale wanapochekaga kwa mzee. Nikapata moto. Nikawaonyesha vijiko viwili vinavyofanya kazi. Bibi mmoja Mswidi mwenye nywele nyeupe aliomba ajaribu, nikampa, akatengeneza kitu kama kiazi kilichoanguka, tukacheka wote.

Wanawake wangu wanne walikuwa wakila kwa adabu. "Tamu sana," wakawa wanasema. "Asante sana." Mimi hawa siwajui kwa adabu. Mwezi mmoja nyuma walinirudishia chapati mezani wakisema ngumu. Nikajisemea, wameona nimekuwa mtu mkubwa wanaogopa.

Ikaja supu. Hapo ndipo nilipotaka kuwaonyesha wageni kitu ambacho mzee hakuwahi kuwaonyesha. Nilitoka na fungu la majani na kisu, nikakata mbele yao, hewani, mkononi, haraka. Watu waliacha vijiko. Nilipomaliza nikasema kwa Kiswidi changu, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile sentensi kwenye treni wiki nzima: "Hivi sikufundishwa Ureno. Nilifundishwa na mama yangu Kenya. Amekuwa mgonjwa, lakini anaendelea vizuri, na kesho naenda kumwona."

Wakapiga makofi. Yule bibi wa nywele nyeupe akainua glasi yake ya mvinyo, akasema, "Basi tunywe kwa afya ya mama yako." Waswidi wanane wakainua glasi. Na hao wangu wanne, kwa sababu watu walikuwa wanawatazama, na wao wakainua. Rafiki yangu wa Hässelby alikunywa maji yake yote bila kupumzika. Dada wa Jordbro aliweka glasi chini, akasema samahani, akaenda chooni, na akakaa huko mpaka sahani ya samaki na viazi ikaja na ikaondoka.

Nikamgongea. "Supu imekudhuru?"

"Hapana, ma sœur, dada yangu," akasema mlangoni, macho mekundu. "Kitunguu." Mimi ndiye mpishi. Supu ile kitunguu chake kimechemka na kupondwa, hakiwezi kumliza hata mtoto mchanga. Nikarudi mezani.

Mbele yao nikaweka wali wa maziwa uliopoa, wenye ganda la limau ndani na mdalasini juu. Kwao mdalasini haunyunyizwi ovyo, unafinywa kwa vidole viwili na kuchorwa, na mtu hujulikana kwa michoro yake. Mimi nilikuwa nimechora maua. Nikawaambia kwamba kwao wali huu huliwa harusini na sikukuu. Mwisho vile vitobosha vya mayai, vya moto kabisa, nikiwaonya wasivikate kwa kisu, wavishike kwa mkono wavimalize kwa kung'ata mara mbili au tatu. Nilisema yote. Nilikosea mwaka mmoja na jina moja la mji, na nikamwangalia mzee dirishani nikingoja anisahihishe, kwa sababu mzee husahihisha hata padri. Alikuwa amegeukia tanuri.

Wageni walipoondoka, bibi wa nywele nyeupe alinishika mikono yote miwili akasema nimsalimie mama. Nikasema nitamsalimia.

"Wewe umekula?" rafiki yangu akauliza.

"Nitakula nyumbani."

"Kula sasa."

"Nina masufuria."

"Nimesema kula sasa." Akavuta kiti. Mzee mwenyewe akaja na bakuli la supu, akaleta kababu, akaleta vitobosha viwili, akaniwekea leso mapajani kama mtoto. Wakasimama wote wakinitazama nikitafuna. Ebo! Nikasema, "Kwani leo ni siku yangu ya kuzaliwa?" Rafiki yangu akanisogezea bakuli, na nilikuwa na njaa kweli, sikuwa nimeweka kitu mdomoni tangu asubuhi, na chakula kilikuwa kitamu. Nilikula kila kitu. Niliomba kitobosha cha tatu.

Tukapanda treni ya Norsborg. Rafiki yangu anakaa Hässelby, mwisho wa laini ya kijani, upande mwingine kabisa wa mji. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema ananisindikiza nikapange sanduku. Wale wengine nao wakasema wanasindikiza. Nilikuwa na boksi la vitobosha mapajani, la kupeleka nyumbani Kitale, maana nilitaka Mama aonje hata kama vitafika vimelegea. Na nikaongea. Jamani, nilivyoongea! Umeona nilivyowaambia ya samaki? Umeona yule bibi na vijiko? Umeona walivyonyamaza nilipokata sukuma? Stesheni kumi na kitu nikijisifu peke yangu, na hakuna aliyenikatiza, hakuna aliyenitania, hakuna aliyeniambia punguza. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Mlango wangu uko ghorofa ya tatu. Nilipotoka kwenye lifti niliona viatu. Vilikuwa vimepangwa ukutani nje ya mlango wangu mwenyewe niliouacha nimeufunga: buti za theluji, raba, viatu vya kike vya kanisani, na jozi moja nyeusi ya kiume iliyong'arishwa ambayo naijua ni ya mchungaji. Pengine jozi ishirini. Ndani kulikuwa na harufu ya chai ya tangawizi.

Mtu yeyote wa kwetu anayeishi huku anajua viatu vikiwa vingi hivyo mlangoni maana yake nini. Nimewahi kuviacha vyangu kwenye milango ya wengine.

Nikasema, "Nani?"

Rafiki yangu akanishika mkono. "Tuingie kwanza, ukae."

"Nani, nimekuuliza?"

"Dada yangu. Mama ametutangulia."

Nikauliza, "Saa ngapi?" Sijui kwa nini hilo ndilo lililotoka. Akasema alfajiri. Nikaanza kupiga hesabu pale kwenye lifti: wakati naingia kazini alikuwa ameshakufa. Wakati nachora maua alikuwa ameshakufa. Wakati watu wanakunywa kwa afya yake, na hawa wanakunywa pamoja nao, alikuwa yuko mochari. Nilimpiga rafiki yangu na lile boksi. Nilimpiga begani, likapasuka, vitobosha vikaanguka kwenye viatu vya watu, na nikampiga tena kwa mkono mtupu. "Mmenilisha!" nikapiga kelele. "Mmekaa mkanisikiliza! Mmenilisha na mama yangu amekufa!" Majirani walifungua mlango, wakaona, wakaufunga. Hakujitetea. Alisimama akapigwa mpaka nilipochoka, halafu akaniingiza ndani na kunivua koti.

Usiku huo waliimba. Waliniketisha chini kwenye godoro, wakanifunga leso kiunoni, walipika, waliosha vyombo, walipanga sanduku langu kwa mikono yao wakabadilisha nguo za kutembelea na za kuzikia. Dada wa Jordbro alilala sakafuni kando yangu, na hakunikumbusha yale mapazia. Mzee alipiga simu akilia. Aliniambia kwamba yeye alitaka kuniambia pale pale mlangoni nilipofika kazini, na alimgombeza rafiki yangu kwenye simu, lakini akaambiwa kwetu haifanywi hivyo. "Ni kweli?" akauliza. "Haifanywi?"

"Ni kweli," nikamwambia. "Haifanywi."

Mdogo wangu nilimpata kwenye simu asubuhi, nikiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilimuuliza ni nafuu gani hiyo inayomuua mtu ndani ya siku sita. Nilimwita mwongo, nilimwita muuaji, Mungu anisamehe.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Dada, Mama ndiye aliyesema nikuandikie hivyo."

"Aliyesema nini?"

"Alisema huyo mtoto ameosha masufuria ya watu miaka yote. Mwacheni asimame kwenye hiyo meza yake. Mwambieni nina nafuu."

"Na alikuwa nayo?"

"Hata siku moja," akasema.

Tulimzika Ijumaa. Kwenye mazishi, na hapa Stockholm niliporudi, kila mtu amenipa neno lile lile. Hukujua. Usijilaumu, wewe hukujua, walikuficha, mama yako mwenyewe alikuficha, ungejua ungekuja mbio. Rafiki yangu ananiambia hivyo kila Jumapili baada ya ibada. Nimemwomba msamaha kwa yale mapigo, akasema yamesahaulika, na naamini yamesahaulika. Mzee ananiambia hivyo kwa Kiswidi. Mimi naitikia. Nasema ndiyo, ningejua ningekuja.

Lakini nimeandika hapo nyuma kwamba nilipopata ujumbe wa mdogo wangu siku ya Jumapili nikaisogeza tiketi. Sikuisogeza Jumapili. Niliisogeza Jumatatu jioni, na kabla ya hapo Mama alinipigia. Simu hiyo sijamwambia mtu. Alikuwa ameazima simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili, na mwenye simu alikuwa amemshikia sikioni. Hakuongea habari za figo. Aliniuliza wageni wangu nitawapa nini, nini kinaanza, nini kinafuata. Nikaanza kumsimulia. Na kila alipotaka kuniuliza neno alilazimika kuvuta pumzi kwanza, moja kwa neno moja, kwa mlio wa chini kooni. Mimi mlio ule naujua. Nilimuuguza baba yangu kwa mikono yangu kabla sijaja huku, na alipoanza kuvuta pumzi namna ile hakumaliza wiki. Niliusikia vizuri sana. Nikapandisha sauti nikaendelea kumweleza kababu, vijiko viwili, pembe tatu.

Nilipomaliza akaniuliza, "Basi... utakuja... lini?"

Saa hiyo tiketi bado ilikuwa ya kesho yake, Jumanne.

"Jumatatu ijayo nitakuwa hapo kando yako, Mama," nikasema.

Akavuta pumzi. "Sawa," akasema. "Usikimbie." Tukaagana, nikafungua kompyuta nikabadilisha tarehe.